Udongo Mbichi wa Kiangazi

Shangazi yangu alikuwa akianza siku kwa kunishika nyayo. Kabla ya kuwasha moto, kabla ya kuwatoa mbuzi, aliingia chumba tulicholala mimi na mama, akachuchumaa miguuni pangu, akanigeuza kisigino kwenye ule mwanga mdogo wa mlangoni, akapitisha kidole gumba. Alichokipata alikifikicha polepole kati ya vidole viwili.

"Mbichi," alisema. "Na leo mbichi."

Sasa wewe uliyeishi Dodoma fikiria mwenyewe. Mwezi wa tisa. Mvua ilishaaga tangu mwezi wa nne, upepo unazoa vumbi mpaka jua linaonekana kama limepakwa majivu, na ardhi yote kuanzia kwetu Ihumwa mpaka macho yanapochoka imekauka na kupasuka. Na mtoto aliyelala ndani ya tembe ya udongo, mlango umezibwa kwa gogo, anaamka na tope kwenye visigino. Tope la wapi?

Nakueleza hapa hapa mwanzoni, maana sitaki mtu ahangaike kama tulivyohangaika sisi. Lilikuwa mikojo yangu. Nililala juu ya ngozi ya ng'ombe, kwenye sakafu ya udongo. Nilikuwa darasa la pili, mtoto mkubwa, na karibu kila usiku nilikojoa. Halafu usingizini nilijitupa na kusukuma kwa miguu kama mtu anayetaka kutoka shimoni, visigino vikateleza nje ya ngozi vikachimba pale palipolowa. Basi. Chumba chenyewe kilinuka mbuzi, kwa kuwa vitoto vya mbuzi vililala humo humo, kwa hiyo pua ya shangazi haikumwambia kitu.

Mimi nilijua. Mama naye alijua. Yeye ndiye aliyekuwa akiipindua ile ngozi alfajiri, upande mkavu ukawa juu, akamwaga majivu sakafuni, akanifuta miguu kwa pindo la khanga. Lakini visigino vyangu vilikuwa na mipasuko, na mpasuko haufutiki gizani. Mama aliniambia mara moja tu, kwa sauti ya chini: "Nyamaza hivyo hivyo."

Tulinyamaza kwa sababu mwaka uliotangulia binamu yangu, mtoto wa shangazi mwenyewe, alikojoa kitandani, na shangazi alimtwisha ngozi iliyolowa kichwani akamzungusha nyumba hadi nyumba, watoto wote nyuma yake wakimzomea kikojozi, hadi relini na kurudi. Mimi nilikuwamo katika wale watoto. Nilizomea kuliko wote.

Majina ya watu sitayaandika, kwa kuwa wajukuu wao wako shuleni na wajukuu hawakumfanya mtu kitu. Lakini kila mkosaji nitamtaja kwa kazi yake, na aliyekuwepo atajua namsema nani.

Shangazi ndiye aliyekuwa mwenye mji, mkuu wa kaya yetu. Baba alikuwa kibarua wa kutengeneza reli, analala kambini huko mbele, anarudi mwisho wa mwezi na sabuni. Kwa hiyo neno la shangazi ndilo lililokuwa neno, na neno lake juu yangu lilikuwa moja.

"Huyu mtoto analimishwa."

Kwa asiyelijua jambo hilo: wanasema kuna watu wanaoweza kumchukua mtu aliyelala wakamwacha mwili wake pale pale kitandani. Wanakwenda naye shambani kwao, wanampa jembe, analima mpaka jogoo la kwanza, kisha wanamrudisha. Anaamka amechoka na hajui alikuwa wapi. Na mimi kila kitu changu kilikubaliana na hayo. Niliamka kichwa kinagonga kama nimebebeshwa gunia la mtama. Nilisinzia nimesimama. Nilisinzia na kipande cha ugali mkononi. Nilikonda shingo mpaka nguo za mitumba alizoninunulia baba, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kujaa sokoni miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, zikawa zinanivuka mabegani. Kazi zote za shambani, sijui nilizifanya lini, lakini mwili ulikuwa mwili wa mtu aliyezifanya.

Halafu kulikuwa na ule ukimya.

Nilikuwa nakoroma. Si kukoroma kwa mtoto mwenye mafua. Shuleni waliniita Gari Moshi. Mama alinisimulia baadaye kwamba kukoroma hakukumtisha. Kilichomtisha ni pale kunapokatika. Ngrr, ngrr, ngrr, halafu kama mtu amekata kwa panga. Kimya. Anawasikia mbuzi wanacheua. Anausikia upepo unakwaruza paa. Mimi hanisikii. Anaanza kuhesabu, anafika kumi, vidole vyake vya mikono vinaisha, anapita, ndipo naruka kwa mkoromo mmoja mkubwa kama mtu aliyeibuka kisimani, natoka jasho mpaka shingoni, na kukoroma kunaanza upya. Mara nyingi mno mpaka alfajiri.

Shangazi aliusikia ukimya huo kutoka chumba chake, na alikuwa na maelezo yake. "Akinyamaza ndiyo wamemtoa. Akiruka ndiyo wamemrudisha. Sikiliza wanavyomtupa, kwa pupa, kama mzigo."

Hata mimi niliyejua tope limetoka wapi niliamini. Ukiambiwa kila asubuhi kwamba ulikuwa shambani, unaanza kujitazama viganja kutafuta malengelenge. Kuna siku niliyaona.

Mkosaji wa kwanza ninayemtaja ni mwalimu wa darasa la pili. Nilisinzia darasani kwake kila siku, mdomo wazi, na kila siku alinichapa viboko vya miguuni, akasema nina uvivu wa kurithi. Hakuwahi kujiuliza kwa nini mtoto asinzie saa tatu asubuhi. Na nilipojibu swali aliniigiza, kwa kuwa pua yangu ilikuwa imeziba kiangazi na masika. Nilikuwa nikisema "mama" inatoka "baba". Darasa zima linacheka. "Gari Moshi, mama yako nani?" "Baba." Wanaanguka chini.

Wa pili ni tabibu. Huyu alistaafu serikalini, na watu binafsi waliporuhusiwa alifungua zahanati yake kwenye chumba kimoja, pembeni ya duka la mitumba, ameandika mlangoni magonjwa yote. Mama alinipeleka. Tabibu alinivuta kope ya chini, akatazama, akaandika.

"Malaria."

"Lakini hana homa," mama alisema. "Akilala anakoroma, kisha—"

Tabibu alicheka. "Mtoto anayekoroma ana usingizi mzuri. Mama, wewe ndiye huna usingizi. Nikuchome wewe?"

Nilichomwa sindano siku tano mfululizo, nikawa natembea kwa kuchechemea. Hakuwahi kuniambia nifungue mdomo. Mtu yule alikuwa na tochi mezani kwake. Nilikuwa naitazama nikiogopa atanipiga nayo.

Aliyenifungua mdomo ni bibi jirani.

Alikuwa mjane, anakaa peke yake tembe ya chini yetu, karibu na korongo. Kiangazi watu wote wanapolia maji, yeye alichimba mchanga wa korongo mpaka akafika penye unyevu, akawa na matuta yake saba ya mchicha. Kwa hiyo udongo mbichi ulikuwa kwake tu. Hilo likumbuke. Tena mbuzi wake walizaa mapacha, tena alizoea kuzungumza na wanyama kwa Kigogo cha zamani ambacho hata shangazi alikisikia nusu. Watu walikula mchicha wake na kumsema.

Siku moja mchana alikuja kuomba moto. Nilikuwa nimelala barazani, nimetoka shule, jua limesimama na hakuna kinachotembea uani hata kuku. Mama alikuwa anatwanga. Bibi alipita karibu yangu, akasimama. Alisimama muda mrefu mpaka mama akaacha kutwanga.

"Mwanangu, njoo uone," alimwambia mama. "Usimwamshe. Weka sikio hapa mdomoni. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Haya, sasa tazama kifua."

Mama alitazama. Hapo, anasema, ndipo mwili ulipomsisimka kuliko hadithi zote za shangazi. Maana alikuwa akidhani nikinyamaza natulia. Sikuwa nimetulia. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani, shimo la kooni linabonyea, tumbo linapanda kifua kinashuka, kama watu wawili wanaogombania kitu ndani ya gunia. Na mdomoni hakuna pumzi. Hata ya kutikisa unyoya.

"Anavuta, haipiti," bibi alisema. "Wanasema anakwenda kulima. Huyu haendi popote. Yuko hapa hapa anapigana."

Aliingiza vidole viwili chini ya kona za taya langu, akalisukuma mbele, akanigeuza ubavu. Pumzi ikaingia kwa kelele. Mimi nakumbuka ile mikono tu, baridi, ina harufu ya mchicha na udongo wa korongo.

"Ndama wangu alikuwa hivi," aliendelea. "Amevimba koo. Akisimama mzima, akilala ananyoosha shingo juu kama anatazama nyota. Mwanao naye analala shingo ameitupa nyuma, hujaona? Kitu kiko kooni. Mwamshe umfungue mdomo."

Walinifungua mdomo kuelekea juani. Bibi alisema kuna mawe mawili, moja kila upande, yamekua mpaka yanataka kugusana. Mama alisema yanafanana na matunda mabichi ya ndulele.

Kosa la mama lilikuwa kumwamini wifi yake. Jioni alimweleza yote: kooni kuna kitu. Na shangazi, sijui kwa nini, siku hiyo alisikiliza.

"Kooni!" alisema. "Si mngesema! Kimeo hicho. Kimeo kikirefuka kinamkaba mtoto. Kinakatwa, yamekwisha."

"Wifi, bibi amesema viko viwili, pembeni—"

"Bibi! Umeona lini kimeo kikawa viwili?"

Unaona jinsi neno moja linavyoua? Kwetu ukisema mtoto ana tatizo la koo, basi ni kimeo. Mtoto akikohoa, kimeo. Akikonda, kimeo. Kile kijinyama kinachoning'inia katikati, ambacho Mungu alimpa kila mtu, ndicho kinachohukumiwa. Hakuna anayetazama pembeni.

Mkosaji wa tatu, fundi wa vimeo, alikuja kwa baiskeli. Vifaa vyake vilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Wanaume wawili walinishika, shangazi alinishika kichwa. Fundi alinikandamiza ulimi kwa kijiti, akachungulia, na ninaapa aliyaona yale mawe mawili, kwa sababu alisema, "Hizi za pembeni ni tezi, zitanyauka zenyewe." Kisha aliingiza waya wenye ndoano na kisu. Nilisikia sauti ya kukatwa ndani ya kichwa changu mwenyewe, kama mtu anang'ata gegedu. Alikiweka kwenye jani akawaonyesha watu. Kijinyama kama funza. Watu wakasema ahaa, ndicho hicho, tazama kilivyo kirefu.

Nilitema damu siku mbili. Koo lilivimba. Na pumzi, ambayo ilikuwa inapita kwa shida, sasa ilikuwa inapita kwa kuiba. Kulala ikawa kama kutumbukizwa. Nilianza kukataa kulala. Nilikaa nimeegemea ukuta na kujifinya mapaja. Mama alikaa nami. Tulikaa hivyo kama watu wanaosubiri mgeni ambaye hawamtaki.

Bibi alisikia habari ya kukatwa. Alikuja mchana, mama amekwenda kuteka maji, akanikuta nimeshindwa na usingizi barazani, chali, midomo ina rangi ya jivu. Alipiga magoti. Aliweka sikio mdomoni kwangu na vidole vyake chini ya taya.

Shangazi alitokea kona ya nyumba akamkuta hivyo. Bibi kizee, mchana kweupe, ameinama juu ya mtoto aliyelala, uso kwa uso, vidole kwenye koo, mikono ina udongo mbichi.

Ule mlio alioutoa shangazi sijausikia tena. Watu waliacha hata vyungu motoni.

Kikao kilikaa siku hiyo hiyo mbele ya balozi wa nyumba kumi, na yeye ni mkosaji wa nne, kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kutawanya watu na hakuutumia. Niliwekwa katikati juu ya kigoda.

"Mwanangu, usiogope," balozi aliniambia. "Ukilala, nani anakuja kukushika?"

Lilikuwa swali rahisi, na jibu nilikuwa nalo. "Bibi."

"Anakushika wapi?"

Nilijigusa chini ya taya. Watu walivuta pumzi wote kwa pamoja, na mimi nisiye na pumzi nikawatazama.

Bibi hakukana. "Mtoto amesema kweli, nilimshika," alisema. "Lakini mnasema nimemlimisha. Shamba gani? Nina matuta saba! Mimi mwenyewe nayamaliza chai haijachemka, sasa mtoto wa watu nimpe lipi?"

Wawili watatu walicheka. Kama kikao kingeishia kwenye kicheko hicho, leo nisingekuwa na la kuandika. Shangazi aliinua mguu wangu wa kulia akawaonyesha watu kisigino.

"Na huu?" alisema. "Huu udongo mbichi, kiangazi hiki, ni wa wapi?"

Kila mtu alinitazama mimi. Mimi nilimtazama mama. Mama alitazama chini. Niliiona ile ngozi juu ya kichwa cha binamu yangu, nikawaona watoto wamepanga foleni hadi relini. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua ninachofanya.

"Sijui," nilisema.

Basi mnitaje na mimi. Mkosaji wa tano.

Bibi alipewa mpaka Jumamosi awe amehama, na ilipofika watu wakabeba vitu vyake kuvitupa nje. Alikuwa na kaka yake upande wa Mpwapwa, akawatanguliza mbuzi akaenda. Alipopita kwetu hakumsalimu shangazi. Alisimama mbele ya mama tu.

"Umlaze ubavu," alisema. "Na usingoje."

Asubuhi iliyofuata shangazi alikuja kunishika nyayo akiwa na furaha, anatarajia vumbi. Alikuta tope. Alifikicha vidole. Bibi alikuwa mbali, bustani yake ilishaanza kunyauka, na tope lilikuwa bichi vile vile. Mtu mwingine hapo angeona aibu. Shangazi alisema, "Basi hakuwa peke yake," akaanza kuzitazama nyumba za majirani moja baada ya nyingine.

Nadhani hicho ndicho kilichomtoa mama. Hicho, na siku ya pili yake mchana, niliponyamaza barazani na sikuruka. Alinigeuza ubavu, sikuruka. Alinipiga mgongoni. Alikuwa anamwita bibi kwa jina huku analia, yule yule aliyemwacha afukuzwe. Kisha akakumbuka vidole viwili, kona za taya, sukuma mbele. Pumzi iliingia. Hakungoja nifumbue macho vizuri. Alinifunga mgongoni, mtoto wa darasa la pili, miguu inaning'inia mpaka magotini kwake, akafuata reli, akakata kwenda barabara kubwa, lori likatubeba hadi mjini. Hakumuaga wifi wala hakumtumia salamu baba.

Hospitali tulimkuta daktari kijana, amechoka, anauliza maswali bila kuinua kichwa.

"Anakoroma?"

"Anakoroma."

"Kisha ananyamaza?"

Mama alishtuka, maana hakuwa amemwambia. "Ananyamaza."

"Anaponyamaza, kifua kimetulia au kinahangaika?"

"Kinapigana," mama alisema. "Anavuta, haipiti."

Hapo ndipo daktari alipoinua kichwa. "Anakojoa kitandani?"

Mama alinitazama. Alitazama na mlango, kama shangazi anaweza kuwa nyuma yake. "Anakojoa," alinong'ona.

"Asubuhi kichwa kinamuuma, mchana anasinzia, darasani hashiki kitu, mwili haukui." Hayo hakuuliza, alikuwa anayasoma kwangu kama tangazo ukutani. Alichukua tochi, akaniambia nifungue mdomo, akamulika. "Na kimeo wamekata." Aliizima tochi kwa nguvu. "Mama, kimeo hakikuwa na kosa. Yaliyomziba ni mafindofindo, haya mawili ya pembeni, na nyuma ya pua huko pasipoonekana kuna nyama nyingine. Akiwa macho anajishikilia. Akilala koo linalegea, njia inafunga, mwili unaamka kumwokoa, analala tena, inafunga tena. Usiku kucha. Moyo wake unachoka. Mtoto kama huyu halali, mama. Anaokolewa tu mpaka asubuhi."

Alitaka kuona mwenyewe. Nililazwa kwenye kitanda cha karibu na meza ya wauguzi, mchana, na yule daktari akavuta kiti akakaa kunitazama nikilala. Nilipigwa picha ya shingo. Kulikuwa na bingwa wa koo aliyekuwa akija kwa zamu, tukamngoja, na siku zote za kungoja wauguzi walinilaza ubavu na mto mgongoni, wakisema nisiachwe nilale peke yangu.

Jioni moja daktari kijana alimuuliza mama, "Nani alikufundisha kutazama kifua?"

"Jirani."

"Ukirudi mshukuru sana. Huyu angekufa."

Mama aliinama akanivutia shuka.

Bingwa alikuja, nikatolewa mafindofindo na zile nyama. Koo liliwaka, nikanywa uji uliopoa na kutazamwa mate kama yana damu. Kisha kukaja asubuhi moja ambayo mpaka leo nashindwa kuieleza. Niliamka. Kichwa hakikugonga. Sikujua kwamba kichwa kinaweza kuamka kimya. Nilidhani watu wote wanagongwa na wamezoea. Shuka lilikuwa kavu. Nilivuta hewa kwa pua, ikapita, ya baridi, ina harufu ya dawa ya sakafu. Nikasema, "Mama." Na ikatoka mama.

Tulirudi nyumbani.

Nililala bila sauti. Hakuna kukoroma, hakuna kuruka. Mama hakuweza kuvumilia. Kila mara nilishtuka nikakuta kiganja chake mbele ya pua yangu. Shangazi naye alisikiliza kutoka chumbani kwake, akasikiliza, na alichosikia ni ule ukimya aliokuwa akiuogopa siku zote, safari hii umeanza jioni na haukuisha. Asubuhi alikuja kunishika nyayo. Vumbi. Siku ya pili vumbi. Siku ya tatu aliingia, akachuchumaa, lakini hakunigusa. Alinitazama usoni.

"Shikamoo shangazi," nilisema.

Alirudi nyuma mpaka akagonga mlango.

Mchana aliwaita watu wa mji na majirani, wachache tu, pale mama alipokuwa anapepeta uwele. "Aliyetoka hapa alikuwa anasema baba," aliwaambia. "Huyu anasema mama. Aliyetoka alikuwa anakoroma. Huyu halali, ananyamaza tu amefumba macho. Yule mwanamke wa Mpwapwa amembakiza wa kwetu huko analima, huyu ametuletea sijui nani."

Nilicheka, kwa kuwa nilidhani ni utani. Kicheko chenyewe kilitoka kipya, hata mimi sikukijua. Hakuna aliyecheka nami.

"Kama ni wewe," shangazi alisema, "sema neno ambalo mtoto wetu tu analijua."

Nilikuwa na neno moja tu la namna hiyo, na nilikuwa nimelibeba tangu siku ya kikao mpaka lilikuwa limenichubua. Ngozi kichwani sikuiogopa tena. Nikasema yote, kwa ile sauti nzuri, iliyonyooka, kila herufi mahali pake: kwamba tope lilikuwa mikojo yangu, kwamba nilikojoa karibu kila siku, kwamba bibi alikuja kunifungulia pumzi, kwamba nilisema sijui na nilijua. Nikawaambia waende Mpwapwa wakamrudishe.

Shangazi aliwageukia watu, ametulia kama mtu aliyepata alichokitafuta.

"Mmesikia? Mtoto wetu hakuwa kikojozi. Kila asubuhi nilikuwa naigusa ngozi aliyolalia kwa mkono huu. Kavu." Kisha akamgeukia mama. "Wifi. Ulilala naye chumba kimoja. Mwanao alikuwa kikojozi?"

Mama alikuwa ameshika ungo. Alinitazama, na nikaona anahesabu, si vidole safari hii: akisema ndiyo, basi alijua siku ya kikao, na bibi alifukuzwa yeye akiwa anajua, na watu hawa wote waliopo walibeba vitu vya bibi kuvitupa nje kwa sababu ya ukimya wake. Aliurusha uwele, akapuliza makapi. Mama yangu aliyenibeba mgongoni kufuata reli. Namtaja wa mwisho, na ndiye anayenigharimu kumtaja.

"Hapana, wifi," alisema. "Hakuwa."

Jioni hiyo ugali ulipoiva, shangazi hakunipakulia pamoja na watoto. Alileta sahani ya bati yenye maua, ile inayotolewa akija mgeni, akaniwekea peke yangu kwenye kigoda na maji ya kunawa. Nilikula kwenye sahani hiyo mpaka siku niliyoolewa.